Karanga za Mama Chola

Jumanne, kona ya soko la Katuba,
nilinunua karanga za franka mia tano.
Mama Chola hukunja karatasi kama pembe,
anajaza, anabana mdomo wake kwa vidole viwili.
Nilikula nikitembea. Chumvi ilizidi.
Zilipokwisha nikaikunjua ile pembe niitupe,
nikakuta watu wamo ndani.

Namba 212 mpaka namba 231.
Jina, kijiji, hekta, mifuko, sahihi.
Mbolea na mbegu za mahindi, msaada wa serikali, msimu huu wa mvua.
Muhuri wa zambarau umekatwa nusu,
na mafuta yameing'arisha karatasi
hata naona kiganja changu upande wa pili.

Namba 219: Mwape Kisenga, mwanamke,
njia ya Kasenga, hekta tatu,
mifuko kumi na miwili. Amepokea.

Mwape Kisenga ni mama yangu.
Hekta tatu! Shamba lile ukipiga chafya mpakani huku,
jirani wa mpaka wa kule anakuambia afya.
Mwezi wa kumi alipanda lori la makaa, usiku,
akakaa siku mbili kwenye benchi la ofisi ya kilimo.
Kijana mwenye viatu vya ncha akamwambia,
mama, jina lako halimo.
Akaomba aoneshwe humo ambamo halimo.
Orodha ni siri ya serikali.
Akarudi. Akapanda mbegu za mwaka jana,
zile panya walizomwachia.

Lakini kilichonisimamisha katikati ya barabara,
pikipiki zikinitukana kwa honi,
haikuwa mifuko.
Ilikuwa pale mwisho wa mstari:
dole gumba. La wino wa buluu, nene,
dole la mtu aliyeshiba.
Mama yangu alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na miwili,
jioni, kanisani, kwa mshumaa,
na tangu hapo hajamkopesha mtu kidole chake.
Hata risiti ya sabuni anaiandikia jina zima,
polepole, ncha ya ulimi nje,
na foleni ingoje.

Nikarudi mbio. Mama Chola, karatasi hizi unazitoa wapi?
"Nanunua kwa kilo, kwa mlinzi. Ni ngumu, hazipasuki.
Kwani zinasema nini?"
Nikamsomea. Akaacha kukunja.

Mpaka Jumamosi ukuta wa kinyozi Kabwita ulikuwa umejaa.
Tuliubandika kwa uji wa unga wa bukari.
Watu walileta vipande kutoka mifukoni, kutoka chini ya magodoro,
kimoja kilikuwa kimeziba dirisha.
Walisoma kwa kidole, midomo ikitembea.
Katekista tuliyemzika Pasaka amepokea urea.
Mtoto wa darasa la pili ana hekta tano na hajui.
Kabwita mwenyewe, ambaye hajapanda hata kitunguu,
alijikuta namba 340, akacheka,
halafu akakaa kwenye kiti cha wateja wake
na hakunyoa mtu tena siku hiyo.

Ukurasa wa kwanza haujapatikana.
Wanasema wakubwa wako kule, wale wa mifuko mia nne.
Labda mtu alikula karanga zake akautupa mferejini.
Labda ukurasa wa kwanza hauuzwi kwa kilo.

Jumapili mama akaja, kitambaa cha kanisa kichwani.
Hakupiga kelele. Aliuliza namba 219 iko wapi.
Aliliangalia lile dole muda mrefu,
kama mtu anayemwangalia mgeni aliyelala kitandani mwake.
Kisha akaomba biki.
Ukuta ulikuwa na mabonde, wino ukagoma mara mbili.
Aliandika: Mwape Kisenga. Sijapokea.
Herufi zote, ncha ya ulimi nje.

Alipomaliza hakunirudishia kalamu.
Aligeuka, akamnyooshea mwanamke aliyesimama nyuma yake,
naye nyuma yake walikuwepo wengine.